Anayeijua Tarehe

Swali langu ni fupi. Watu wanatembea pamoja safari ndefu. Mmoja wao anajua kwamba safari imebaki kidogo, na ikifika mwisho yeye hatakuwa nao tena. Je, ana deni la kuwaambia wenzake? Na kama analo, alilipe lini: mapema, wakiwa bado njiani, au pale mlangoni?

Hapa Kakuma hili si swali la vitabuni. Kila mtu anayeshika jarida hili amewahi kuamka asubuhi akakuta mlango wa jirani una kufuli, sufuria zimegawiwa kwa shemeji usiku, na watoto wa mtaa wanamwambia, "Hao walienda na basi." Jana yake mlikuwa pamoja kwenye foleni ya maji. Alikuomba chumvi. Alicheka na wewe habari za kuku wa mtu fulani. Kumbe mwenzako alikuwa anajua tarehe yake wiki tatu nzima.

Nitaliingilia swali hili kupitia gemu, na namwomba mfanyakazi wa shirika ambaye ameshaanza kutabasamu avumilie kidogo. Kwenye vibanda vyetu gemu maana yake ni mpira. Unalipa shilingi zako, unacheza mechi, ukifungwa unampisha mwingine. Lakini kuna gemu za aina nyingine, zile ambazo unamchukua mtu mmoja dhaifu asiye na kitu, unamlea, unampa silaha, unamkutanisha na wenzake, mnazunguka ulimwengu mzima mpaka mfike kwa adui wa mwisho. Haziishi kwa mechi moja. Zinakula saa 40, saa 50, na ukiwa mtu wa kupekua kila kona zinapita 100. Ndiyo maana hakuna anayezilipia kibandani. Kwa nini ulipie saa nzima ya kutembea porini na kuongea na watu?

Aliyelipia alikuwa yaya mmoja wa mtaani kwetu, Mkongo kama mimi, aliyenitangulia kwa miaka sita. Mimi nilimwita yaya, yeye aliniita mdogo, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alikuwa akimtengenezea mwenye kibanda nyaya za jenereta na kulipwa kwa saa za kucheza. Diski yenyewe ilifika ndani ya mfuko wa diski za mtumba: Final Fantasy X, ya kampuni ya Square ya Japani, iliyotoka mwaka 2001 kwa PlayStation 2. Yaya alikuwa na Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza kilimshinda. Basi kazi yangu ikawa kukaa kando yake na kutafsiri, yeye anacheza, mimi nasema kila mtu anasema nini. Waliofungwa mpira walibaki nyuma yetu kusikiliza. Wengine wakaanza kuja kwa ajili ya hadithi tu. Mama aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni hakuwahi kushika pedi hata siku moja, lakini aliijua hadithi kuliko sisi wote.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana mmoja, mchezaji mashuhuri wa mpira wa majini, anakaa mji mkubwa wa Zanarkand. Linakuja zimwi liitwalo Sin, yaani dhambi, linaubomoa mji, na kijana anajikuta ametupwa katika nchi asiyoijua, Spira, ambako watu wanamwambia kwamba Zanarkand uliangamia miaka 1000 iliyopita. Akisema ametoka huko wanamwona amerukwa na akili. Unaweza kufikiri kibandani palivyonyamaza hapo. Mtu anataja mji wake na anaambiwa mji huo haupo! Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Huko Spira anakutana na binti anayeitwa Yuna. Yuna ni mwitaji: anakwenda hekalu baada ya hekalu, anasali, na kila hekalu linampa kiumbe mkubwa wa kumwita vitani. Sisi tuliwaita majini yake. Mwisho wa hija hiyo ni magofu ya Zanarkand yenyewe, ambako atapewa nguvu ya kuliua Sin. Baba yake aliifanya kazi hiyo miaka 10 kabla. Watu wakapata utulivu, wakashangilia, kisha Sin likarudi, kwa sababu hurudi siku zote. Hapo ndipo hesabu ya Spira ilipo: mwitaji mmoja anatolewa, watu wanapumua miaka michache, halafu anatafutwa mwitaji mwingine.

Kijana wetu anajiunga na walinzi wa Yuna, na njiani anamchangamsha kweli kweli. Twende Zanarkand, tulimalize hilo zimwi, halafu tutafanya hiki, tutatembelea pale. Yuna anatabasamu. Wenzao wanatazama chini. Safari imeshakwenda mbali sana ndipo anapogundua kwamba mwitaji akiliua Sin na yeye hufa. Wote walijua. Yuna mwenyewe alijua tangu siku ya kwanza. Asiyejua alikuwa yeye peke yake, naye ndiye aliyekuwa akimhimiza aharakishe. Aibu inayompata hapo ni ya mtu aliyecheza ngoma kwenye nyumba yenye msiba bila kuambiwa kwamba kuna msiba. Mama wa mandazi alikasirika kuliko kijana mwenyewe. "Wamemfanya mjinga," alisema, na siku hiyo akafunga beseni lake mapema.

Mbele kidogo zamu inageuka. Mlimani, kabla ya magofu, kijana anaambiwa siri yake. Yeye si mtu kama wenzake. Zanarkand alikotoka ni ndoto inayoendelea kuotwa na roho za wale walioangamia zamani, na yeye ni sehemu ya ndoto hiyo. Sin likiisha moja kwa moja, roho zile zitapumzika, ndoto itakoma, na yeye atatoweka. Basi mtu yuleyule aliyefichwa mwisho wa mwenzake anakaa na mwisho wake mwenyewe mfukoni. Hasemi. Anaendelea kucheka, anaendelea kuwatia moyo, kama Yuna alivyofanya.

Yapo mambo mengi ya kufanya katika gemu hii kabla ya kuingia kwa adui wa mwisho. Unaweza kukwepa radi 200 mfululizo uwandani ili upate zawadi fulani. Unaweza kukamata wanyama wa kila pori na kuwafungia uwanja wao wa mapigano. Na kuna ligi ya ule mpira wa majini, ambayo vijana wetu waliipenda kuliko hadithi yenyewe, maana mpira ni mpira hata ukichezwa chini ya maji. Wachezaji wengi wa gemu ndefu hukaa hapo mlangoni wiki nyingi. Adui wa mwisho anangoja, ulimwengu unaungua, na wewe unakamata wanyama. Watu husema ni uvivu au ni woga. Mimi naona ni jambo la heshima kidogo: umeishi na watu hawa saa 50, huna haraka ya kuwatoa. Tena gemu yenyewe inajua, maana ukimaliza hakuna kesho yake. Majina ya watengenezaji yanapita, na ukiwasha tena unarudishwa pale ulipohifadhi mara ya mwisho, kabla ya mlango, wote wapo hai.

Yaya hakukaa mlangoni. Radi alikataa. Wanyama alikataa. Ligi tuliyokuwa tunaongoza aliiacha katikati, vijana wakapiga kelele, akasema, "Hii kitu tuimalize wiki hii." Tulimwambia anaharibu gemu, bado hajapata silaha kubwa, atapigwa. Akanyamaza tu na kwenda mbele.

Tukaingia ndani ya Sin siku ya Alhamisi. Humo kijana anamkuta baba yake, ambaye ndiye aliyegeuka kuwa zimwi, na inabidi ampige. Hapo kuna mengi ya kusema, lakini si ya makala haya. Baada ya baba kufa, kijana anawageukia wenzake na ndipo anapowaambia kwamba hii ni mara yao ya mwisho kupigana pamoja, na wakishinda yeye atatoweka. Nilitafsiri. Yaya akasimamisha gemu, akaniuliza, "Rudia, alisema nini?" Nikarudia. Hakusema neno, akaendelea.

Pigano linalofuata ni la ajabu. Yuna lazima awaite majini yake yote, mmoja baada ya mwingine, na kuwaua, kwa sababu adui anajificha ndani yao. Hao ni viumbe uliowapa majina mwenyewe na kuwalea tangu mwanzo. Na huwezi kushindwa: ukianguka, gemu inakuinua. Hujaachiwa hata ule mlango wa kupoteza. Tulikaa pale tukiwaangusha kwa majina, na wa kwanza tulikuwa tumempa jina la mbuzi wa jirani, kwa hiyo watu walianza kwa kucheka.

Jumatatu yaya alikuwa ameondoka. Lile basi, uwanja wa ndege, Nairobi, kisha Marekani.

Sasa turudi kwenye swali. Hoja za kunyamaza nazijua zote na sizidharau. Ya kwanza ni kwamba tarehe si yako. Inaweza kuvunjika. Cheti cha daktari kinapitwa na wakati, jina linatolewa kwenye orodha, ndege inaahirishwa, au nchi nzima inafunga mlango wake. Wale walioaga watu wote, wakauza kitanda, kisha wakarudi na mifuko yao, wanajua macho ya mtaa yalivyo. Yaya alinieleza baadaye kwa simu kwamba ilishamtokea mara moja, kabla sijamfahamu, na mwaka mzima watoto walimwita "Mmarekani". Ya pili ni husuda. Mimi jicho la watu siliogopi, lakini barua isiyo na jina iliyoandikwa ofisini na mtu mwenye wivu naiogopa, na kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye kesi yake ilikwama baada ya barua kama hiyo. Ya tatu tunaisema kwa kicheko lakini ni ya kweli: ukitangaza safari, wadai wako wote wanafika jioni hiyohiyo, na nyuma yao wanafika wanaotaka mabati yako. Ya nne ndiyo wanayoipenda watu wema. Wanasema mtu hunyamaza kwa huruma, ili asiwaharibie wanaobaki siku zilizobaki.

Hiyo ya nne ndiyo ninayoikataa. Anayejua mwisho anaishi siku za mwisho. Asiyejua anaishi siku za kawaida. Wiki ile, katika kibanda kimoja, kwenye benchi moja, yaya alikuwa katika hatua za mwisho na mimi nilikuwa katikati ya safari. Alikuwa akinitazama kama mtu anayeaga, na mimi nilikuwa nikitazama televisheni. Kwa hiyo kuagana kulikuwepo. Ila kulikuwa kwa mtu mmoja. Yeye aliondoka na Alhamisi ile akiwa ameishika vizuri, saa kwa saa. Mimi ilibidi nirudi nyuma kuiokota vipande vipande baada ya kuambiwa na watoto habari za basi. Huruma gani hiyo inayompa mmoja kila kitu na mwingine mabaki?

Wengine wataniambia kwamba alisema. Ile haraka yake, yale maneno ya "tuimalize wiki hii", kuniomba nirudie tafsiri: si ilikuwa kusema? Nimelifikiria sana hilo. Nadhani ishara inayosomeka baada ya mtu kuondoka si kuambiwa. Ni kama barua iliyowekwa chini ya mlango wa nyumba isiyo na mtu. Lakini nakubali ilikuwa zaidi ya kimya kitupu, na nakubali hakuwa na lazima ya kunipa tarehe. Kati ya kutaja tarehe na kunyamaza kabisa pana nafasi kubwa. "Mdogo, sitakaa hapa sana," ingetosha. Haivunji kesi ya mtu.

Yule kijana wa gemu ana hatia nzito zaidi, na hapa nilibishana na kibanda kizima. Vijana walimtetea. Walisema angemwambia Yuna mapema, Yuna angekataa, Sin lingebaki, watu wangeendelea kufa. Basi alinyamaza kwa faida ya wote. Mama wa mandazi akauliza swali moja tu: "Sasa mlitaka amuue bila kujua?" Maana ni Yuna anayeyaita yale majini. Ni mikono yake inayoivunja ndoto. Kama asingeambiwa hata pale mlangoni, angemtowesha rafiki yake akidhani anashangilia ushindi. Mama aliona kuambiwa mlangoni ni jambo la lazima kabisa. Mimi naona hakukutosha.

Kumbukeni kilichotokea Zanarkand kabla ya hapo. Yuna alifika mwisho wa hija, akaambiwa bei: mlinzi wake mmoja atolewe, na yeye mwenyewe afe, watu wapate utulivu wa muda. Akakataa. Baada ya miaka 1000 ya watu kulipa bei hiyo bila kuuliza, binti mmoja alisema hapana, tutatafuta njia nyingine. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika hadithi nzima. Na mlinzi wake, aliyekuwa amesimama pembeni yake akisikia, akairudisha bei ileile kwa mlango wa nyuma. Mlinzi mmoja anatolewa hata hivyo, ila safari hii Yuna haulizwi. Ni kweli kwamba mara hii Sin halirudi, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini mtu ambaye alikuwa tayari kufa kwa ajili ya wote alistahili kuaminiwa na ukweli siku zile za kwenye ndege yao, wakati bado kulikuwa na muda wa kukaa na kufikiri. Labda wangefika palepale. Wangefika wote wakijua wanakokwenda.

Kutokana na swali la mama napata kipimo ambacho bado sijaona kasoro yake. Ukubwa wa deni unategemea mikono ya nani inafanya kazi ya kuufikisha mwisho. Yaya aliponificha, mimi sikumsukuma kwenye basi. Nilikuwa natafsiri gemu tu. Deni lake kwangu lilikuwa la mapenzi, na madeni ya namna hiyo mtu anaweza kuyasamehe. Lakini unapotumia mikono ya mwenzako kuujenga mwisho ambao wewe unaujua na yeye haujui, umemfanya chombo.

Na hapa nawageukia ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima, kwa sababu nao ni wasomaji na nao ni watu wa kuondoka. Mikataba yenu ina tarehe. Miradi ina tarehe. Nimekaa kwenye mkutano wa mradi mmoja ambako tuliombwa kuchagua kamati ya miaka miwili, tukachagua, tukagombana, tukapatana, tukaweka sahihi. Waliotuitisha walikuwa wanajua kwamba fedha zinaisha mwezi unaofuata. Tuliambiwa siku ya kufunga, pamoja na soda. Sisemi walikuwa watu wabaya. Mmoja wao alilia kweli. Ila kimya cha yaya kilimlinda mtu dhaifu asiye na hakika hata ya ndege yake. Kimya cha mwenye mradi kinamlinda nani? Sisi tumezoea miisho kuliko mnavyodhani. Mkituambia miezi mitatu kabla hatutavunja viti. Tutafanya kamati ya miezi mitatu.

Yaya anaishi Kentucky sasa, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Mdogo, ningekwambia ungeacha kutafsiri." Huenda ni kweli. Ningelia, au ningeanza kumwomba viatu vyake. Bado naona ilikuwa haki yangu kuchagua kati ya hayo mawili.

Kesi yangu mwenyewe iko hai, haijatembea, haijafa. Nimeshaamua nani nitawaambia siku ikitembea: mama yangu mdogo, mwalimu mmoja ninayefundisha naye, na kijana anayekaa sasa kwenye benchi lile na kutafsiri kwa ajili ya wengine. Watatu, na bila kutaja siku. Wa nne bado ananisumbua, maana ana haki kuliko wote. Ni mama wa mandazi, na siri haijawahi kulala kwake hata usiku mmoja.